Texas iko mkiani, lakini watu wanahamia

Dada, umeuliza kama ufute mpango wa kuhamia Houston kwa sababu umesoma Texas ni ya mwisho kwa ubora wa maisha. Usiufute bado. Ni kweli CNBC, kituo cha habari za biashara cha Marekani, waliiweka mkiani mwaka 2023. Lakini kati ya Julai 2022 na Julai 2023 jimbo hilohilo liliongeza watu zaidi ya 470,000, kuliko jimbo lingine lolote Marekani. CNBC walipima uhalifu, afya, mazingira, malezi ya watoto, hata sheria za haki za watu. Anayehama hutazama ajira, bei ya nyumba na mshahara usiokatwa kodi ya jimbo.

Kinachonitia wasiwasi ni bima ya afya. Texas inaongoza nchini kwa kiwango cha watu wasio na bima, na haijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ili iwafikie watu wengi zaidi. Kama mwajiri wako mpya hatoi bima na una watoto, hapo ule mkia unakuhusu kabisa.

Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, waulize Waswahili wanaoishi mtaa huohuo: maji ya mafuriko yalifika wapi wakati wa kimbunga Harvey, 2017? Na bila gari (Houston hiyo!) wanafikaje kazini?