Kura ya kijana ina uzito gani?

SWALI: Mhariri, nina umri wa miaka 21 na sijapiga kura hata mara moja. Wenzangu huniambia kwamba kura moja haibadilishi kitu, na kwamba wanasiasa ni wale wale, achaguliwe huyu au yule. Je, ipo sababu ya kweli ya kijana kwenda kupanga foleni kituoni?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi jambo ambalo vijana wengi hubaki nalo moyoni. Nianze na hiyo kura moja. Mwaka 2017, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, David Yancey na Shelly Simonds waligombea kiti kimoja cha baraza la kutunga sheria la jimbo hilo. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa, Simonds aliongoza kwa kura moja tu. Kisha majaji wakaihesabu kuwa ya Yancey karatasi moja ambayo mpiga kura alikuwa ametia alama kwa wagombea wote wawili na kuikata mojawapo kwa mstari, na hesabu ikawa 11,608 kwa kila mmoja. Tarehe 4 Januari 2018 majina yao yalitiwa katika bakuli, likachomolewa la Yancey, na kwa kiti hicho chama chake kikabaki na wajumbe 51 dhidi ya 49. Ni kweli kwamba mambo ya aina hiyo ni nadra, hasa katika uchaguzi wa rais, lakini kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo kura chache zinavyotosha kumpa mtu kiti.

Kwangu mimi, hata hivyo, sababu kubwa ni nyingine. Chaguo lako ni siri, lakini kwenda kwako kituoni si siri, kwa kuwa jina lako huwekewa alama kwenye daftari, na katika nchi nyingi hujulikana baadaye ni watu wa rika gani waliojitokeza. Mgombea mwenye muda mchache humfuata anayepiga kura. Wenzako wanaposema kwamba wanasiasa ni wale wale, wasisahau kwamba huenda wanaowachagua nao ni wale wale. Na wakati huo huo, mkopo ambao serikali itauchukua leo kwa miaka 30 utakuwa bado unalipwa wewe ukiwa na miaka 50, ilhali wengi wa walioupitisha watakuwa wamekwisha kustaafu.

Nakukumbusha pia kwamba hadi mwaka 1971, katika sehemu kubwa ya Marekani, mtu hakuruhusiwa kupiga kura kabla ya kutimiza miaka 21, huku vijana wa miaka 18 wakipelekwa kupigana Vietnam. Hoja kwamba anayetosha kupelekwa vitani anatosha pia kupiga kura ilichangia katiba kubadilishwa.

Mwisho, usisubiri siku yenyewe. Vijana huhama mara kwa mara kwa ajili ya masomo na kazi, na wengi hukosa kura si kwa kutotaka, bali kwa kuwa jina limebaki kwenye kituo cha mbali au halikuandikishwa kabisa. Hakiki jina lako mapema, hamisha taarifa zako ikiwa umehama, na uwafahamu wagombea wa ngazi ya chini kabisa, maana hao ndio utakaoweza kuwauliza maswali ana kwa ana kabla ya kuwapa kura yako.