Farasi amenitupa mara mbili. Nimpeleke kwa mkufunzi?

*Shangazi, shikamoo. Naishi Naivasha. Mwaka jana tulimchukua farasi aliyestaafu mbio za Ngong, dume aliyehasiwa, wa miaka 6. Ukiwa chini ni mpole kabisa. Binti yangu wa miaka 14 humpiga brashi bila wasiwasi. Lakini kumpanda ni vita. Hatulii nikitaka kupanda, na nikivuta hatamu ndipo anazidi mbio. Amenitupa mara mbili, na ya pili nikavunjika mtulinga. Kuna mkufunzi Gilgil aliye tayari kukaa naye miezi 2. Mume wangu anasema tuuze. Saisi wetu, mtunza farasi wa miaka mingi, amenuna tangu asikie habari ya mkufunzi. Nami naona kama namtupa mnyama aliyeniamini. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kwanza kabisa: usimpande mpaka mfupa uunge na daktari wako akuruhusu, na bintiyo asimpande hata akililia. Farasi wa kilo 500 anaweza kuua mtu bila kukusudia ubaya wowote.

Kumpeleka kwa mkufunzi si kumtupa. Naliunga mkono wazo lako, ila umeruka hatua moja. Kabla ya mkufunzi mwite daktari wa mifugo anayewajua farasi, kwa sababu mnyama mwenye maumivu hafundishiki, na ada ya miezi 2 itakwenda bure. Mwambie akague mgongo, miguu na kwato, kisha aangalie kinywa. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi na kingo zake huwa kali. Hukata mashavu na ulimi, na ukimtia lijamu, kile chuma cha mdomoni, katika kinywa cha namna hiyo atapigana nawe. Muulize pia juu ya vidonda vya tumbo. Farasi wa mbio huvipata sana, maana tumbo lao hutoa asidi usiku na mchana, wawe wamekula au hawajala, nao wakiwa mazoezini hulishwa nafaka nyingi na nyasi kidogo. Na tandiko lenu je, lilipimwa kwa mgongo wake, au ni lile lililokuwapo nyumbani?

Kama kuna video zako za zamani ukiwa juu yake, mwonyeshe daktari. Mwaka 2018 daktari wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake walichapisha orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa, kama kulaza masikio nyuma, kuachama kinywa na kupigapiga mkia. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi kati ya hizo, uwezekano ni mkubwa kwamba anaumwa.

Akionekana mzima, ndipo tuzungumze juu ya mafunzo. Hayo unayoyaona kuwa ukaidi, mengi ni kazi aliyofundishwa na kusifiwa kwayo. Joki, mpanda farasi wa mbio, hurushwa mgongoni farasi akiwa anatembea, kwa hiyo huyu huenda hajawahi kuambiwa asimame tuli apandwe. Hatamu zikikazwa, farasi wa mbio huziegemea na kukaza mwendo. Miguu ya joki hukaa juu, karibu na tandiko. Mguu wako wewe ukimbana ubavuni, hajui unamwambia nini. Si mbaya, amehamishiwa kazi nyingine bila kuelezwa. Mkufunzi mzuri anaweza kumweleza, na kwa mkono ulioumia wewe huwezi.

Basi nenda Gilgil kabla hujampeleka, na uende bila kupiga hodi ya simu. Watazame farasi waliopo: wamenenepa, wana vidonda pembeni mwa midomo, wanamsogelea mtu au wanarudi nyuma ya banda? Kaa umwone akifanya kazi na farasi anayekataa jambo. Muulize ni nani hasa atakayempanda kila siku, yeye au kijana wake, na kama humpa farasi dawa za maumivu ili kazi iende. Muulize juu ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na usubi, kama wote walioko kwake wamechanjwa. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote: wiki za mwisho uwepo wewe, ufundishwe juu ya farasi huyo huyo. Akikwambia “niachie tu, nitakurudishia akiwa tayari”, shukuru uondoke. Farasi atarudi kwenye mikono yako, na mikono hiyo ikimwambia mambo ya zamani atajibu ya zamani.

Sasa saisi wako. Nadhani alisikia habari hii ikipita, hakuambiwa. Mtu anayeamka alfajiri kila siku kumlisha mnyama, anayejua ni upande gani farasi hushtuka akiguswa na ni lini alibakiza chakula, anaona mgeni ameitwa kusahihisha kazi yake. Mwite, kaa naye, umuombe awepo daktari akija na aeleze yeye anayoyaona. Kisha mpeleke Gilgil naye wiki zile za mwisho utakapofundishwa wewe, kwa nauli yako na mshahara wake ukiwa kamili. Si mbali, ni mwendo wa matatu. Yeye ndiye atakayeendeleza mafunzo siku ambazo wewe hupo.

Mwambie mumeo kwamba kuuza ni njia halali, lakini si leo, na si kwa kuficha. Anayemnunua lazima ajue ametupa mtu mara mbili, vinginevyo mnampa mtoto wa mwenzenu hatari mliyoikimbia. Na mkufunzi akisema baada ya miezi 2 kwamba huyu anahitaji mpandaji mzoefu, mwamini.

Hofu yako usiione aibu. Ukipona, anza upya juu ya farasi mzee mtulivu wa mtu mwingine, ukiwa na mwalimu. Wiki hii mpigie daktari wa mifugo, na umwambie mkufunzi asubiri majibu yake.