"Haisapoti": nani kamkataa nani?

SWALI: Nimenunua MacBook yenye chipu ya M1, programu yangu ya zamani ikagoma kufunguka. Fundi akasema, "Programu haisapoti kompyuta." Msaidizi wake akambishia: "Kompyuta ndiyo haisapoti programu." Nani kapatia? Na je, "kukompaili upya" ni Kiswahili?

JIBU: Hakuna aliyepatia. Sentensi imepinduliwa, mtenda akakaa pa mtendwa, na maana haikutikisika hata kidogo! Jaribu kupindua "Juma kampiga Ali" uone kama Ali atanyamaza.

Neno "kusapoti" tumelitoa kwenye Kiingereza, na mzizi wake wa Kilatini ni kubeba kwa chini. Sawa, ila kuhimili tunako siku zote. Na hii "haisapoti" ya madukani haibebi chochote. Simu haisapoti laini, redio haisapoti flashi, na sasa nasikia hata tumbo halisapoti maharage. Mteja anatoka dukani kajibiwa na hajaambiwa kitu.

Tazama hiyo programu yako. Ikiwa ni ya biti 32, yaani ya muundo wa kale, Apple walishazifungia mlango zote kwenye macOS Catalina, mfumo endeshi wao wa mwaka 2019: imeachwa. Ikiwa ni ya biti 64, muundo mpya zaidi, iliyoundwa kwa chipu za kampuni ya Intel, M1 ya mwaka 2020 haielewi maagizo yake, lakini Rosetta 2, mkalimani wa Apple ndani ya kompyuta, huitafsiria, na kwa kawaida programu hufunguka: inatafsiriwa. Tiba ya kudumu anayo mwenye msimbo chanzo, yaani maandishi asilia ya programu. Auchukue, arekebishe panapohitaji, aukompaili upya, yaani augeuze kuwa maagizo ambayo chipu mpya inayaelewa. Asipofanya hivyo, haijakompailiwa. Hali tatu, vitenzi vitatu, na fundi wako kazifunika zote kwa kawa moja.

Anayetaka neno la jumla aseme "hazipatani". Hiyo -ana ya mwishoni haimlaumu yeyote, na hapo pindua utakavyo: programu na kompyuta hazipatani, kompyuta na programu hazipatani, zote sahihi.

"Kukompaili" nalipitisha, shingo upande. Lina kazi moja na linaifanya, na tukisema "kutafsiri upya" tutaligonganisha na kazi ya Rosetta. Linanyambulika vizuri pia: kukompailiwa, kukompailika. Wanaolitumia wanajua wanachokifanya, jambo nisiloweza kusema juu ya watu wa "haisapoti".

Rudi kwa fundi. Kama ulilipa ada ya ukaguzi, mdai kitenzi.