Ruhusa ipe kazi, usimpe mtu

Nikikabidhiwa mfumo wa nyaraka uliokwisha kutumika, siangalii mafaili kwanza. Nafungua orodha ya nani anaruhusiwa wapi. Mara nyingi folda nyeti, tuseme ya mikataba, nakuta imejaa majina ya mtu mmojammoja: huyu alihama idara, yule aliacha kazi zamani, mwingine aliingizwa kwa ajili ya ukaguzi na hakuna aliyekumbuka kumtoa.

Kutoa ruhusa ni rahisi, kwa sababu anayeikosa atapiga kelele. Aliyebaki nayo bila kuihitaji halalamiki.

Kwa hiyo mimi natumia vikundi. Kimoja cha wasomaji wa mikataba, kingine cha wahariri. Ruhusa inapewa kikundi, watu wanaingia na kutoka. Mtu akihamishwa, namtoa kikundini na kazi imeisha. Wazo lenyewe si geni: watafiti wa Marekani David Ferraiolo na Richard Kuhn walilieleza rasmi mwaka 1992, na mifumo mingi ya leo inalifuata.

Shida huanza mtu akiwa katika vikundi viwili. Kwenye SharePoint, kwa mfano, mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi nyaraka za ofisi, ruhusa hujumlishwa. Aliye kwenye kikundi cha wahariri hata ukimwongeza kwa wasomaji ataendelea kuhariri kama kawaida. Lazima umtoe kule kwanza. Tena kikundi cha wanachama cha mfumo huo kwa kawaida huja na kiwango cha kuhariri kinachomwezesha mtu kufuta maktaba nzima ya nyaraka, achilia mbali faili moja. Kishushe kabla hujamwingiza mtu.

Folda ndogo ziache zirithi ruhusa za folda mama. Ukikata urithi hapa na pale, baada ya muda hakuna atakayeweza kusema nani anaona nini, hata wewe uliyezikata. Faili la siri lihamishie kwenye folda yake. Na linki za “yeyote mwenye linki” nazifunga tangu mwanzo kwa nyaraka za ndani, maana linki ikishatumwa hujui imefika kwa nani.

Wakubwa nao wanataka ruhusa zote, eti kwa sababu ya cheo. Mkurugenzi anahitaji kusoma; kufuta kunamsaidia nini? Hapo namwachia mwenye nyaraka aamue, mimi natekeleza tu. Uamuzi huo si wa fundi wa kompyuta.

Ukimaliza kupanga, usijaribu kwa akaunti yako ya usimamizi, kwani hiyo inaona kila kitu. Tengeneza akaunti ya majaribio, iweke kwenye kikundi cha chini kabisa, kisha tafuta neno “mshahara” kwenye kisanduku cha kutafutia. Kikitokea kitu, anza kufuatilia ni kikundi gani kilichokifungua.