Kabla ya Kuandika Maombi, Mwandikie Mwenyeji

Swali lililonikosesha ufadhili wa kwenda kujitolea nje ya nchi mara ya kwanza lilikuwa fupi: "Nani amekuomba uende?" Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, mbele ya jopo la usaili, na mpango wa miezi kumi wa kuandaa vitabu kwa wanawake wazima wanaojifunza kusoma. Bajeti nilikuwa nayo, barua za walimu nilikuwa nazo. Mtu wa kunipokea huko sikuwa naye.

Masharti yaliniruhusu kuomba tena mwaka uliofuata, na safari hii nilianza kwa kumwandikia mkuu wa kituo wanakosomea wanawake hao. Alinijibu kwamba vitabu wanavyo. Wanachokosa ni mtu wa kukaa na watoto wakati mama zao wako darasani. Iliniuma kidogo, maana vitabu vile nilivipenda. Lakini nilifuta mpango wote nikaandika upya kwa jibu lake, na barua yake nikaiambatanisha. Nikapata.

Kwa hiyo anza hapo. Muulize mwenyeji anahitaji nini, nani atakusimamia, utalala wapi. Asipojibu kwa wiki kadhaa, tafuta mwingine mapema.

Soma pia ufadhili wenyewe unataka nini, kwa sababu haufanani. Ule wa Watson wa Marekani, ulioanza mwaka 1968, humlipia mhitimu mwaka mzima wa kufuata jambo lake nje ya nchi, na hapaswi kurudi Marekani mpaka mwaka uishe. Ufadhili wa kujitolea huangalia zaidi kazi na wanaoihitaji. Ombi moja haliwezi kutumwa kote kote.

Kwenye bajeti, watu hukumbuka nauli na chakula wakasahau viza, bima ya afya na chanjo. Tafadhali usiingie kwa viza ya utalii ukidhani kujitolea si kazi. Nchi nyingi hudai kibali hata kama hulipwi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele ya tarehe ya kurudi. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, basi usiende kuchanjwa wiki ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo kitunze.

Jambo moja nililikosea hata mara ya pili. Nikiwa huko, katika mwezi wangu wa nane, mkuu wa kituo aliniuliza: "Ukiondoka, watoto atakaa nao nani?" Sikuwa nimelifikiria. Tulihangaika mpaka wanawake wawili waliomaliza hatua ya kwanza wakakubali kushika zamu, nami nikawa nao wiki sita tu kabla ya kuondoka. Zilikuwa chache mno. Swali hilo liulize kwenye barua yako ya kwanza kabisa.