Bili ya mtoto wa malezi ya kambo Marekani

Dada, umeuliza kama mkipokea mtoto wa malezi ya kambo (foster care, yaani mtoto ambaye serikali inamweka kwenu mumlee kwa muda) huko Marekani bili za hospitali zitakuangukia wewe. Hapana. Karibu watoto wote walio chini ya uangalizi wa serikali kwa namna hii hutibiwa kwa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, na kipato chenu nyie walezi hakihesabiwi kabisa. Bima hiyo ni pana kuliko watu wanavyodhani: hadi afikishe miaka 21 inalipia uchunguzi wa kawaida, meno, macho, masikio, ushauri nasaha, na tiba ya tatizo lolote litakalobainika kwenye uchunguzi.

Kasheshe ni kumpata daktari anayeipokea, hasa wa meno na wa afya ya akili. Namba ya kadi iombe siku hiyohiyo anayoletwa, usingoje augue. Na kulipiwa si sawa na kuruhusiwa: upasuaji au dawa za akili kwa kawaida huidhinishwa na idara ya ustawi wa watoto, mahakama au wazazi wake, si wewe.

Akifikisha miaka 18 akiwa bado kwenye malezi na ana Medicaid, anaendelea nayo mpaka 26. Wengi hawaambiwi hili.