Kamera za kutega msituni: zilinde hata siku ambazo hakupita mnyama

Kamera za kutega, zinazojipiga picha mnyama anapopita, zikishushwa kutoka misitu ya Nyanda za Juu Kusini, iwe Rungwe, Livingstone au Ndundulu upande wa Iringa, hazikosi picha. Kazi ngumu inaanzia kwenye kituo, yaani mahali palipotegwa kamera, kilichorudi bila minde, paa mweusi wa msituni. Je, minde hakupita hapo, au kamera ilizimika siku ya tisa? Ukishindwa kujibu swali hilo, umepanda mlima bure. Kwa hiyo tega kamera kwa namna ambayo hata siku tupu utaweza kuithibitisha.

Kamera nyingi za siku hizi zinaweza kupiga picha kwa ratiba hata kama hakuna kilichopita. Weka picha moja kila siku saa sita mchana. Ni picha 30 tu kwa mwezi, hazijazi kadi, lakini zitakuonyesha siku betri ilipoisha, siku jani lilipoziba lenzi, na siku nguruwe pori alipojikuna kwenye mti kamera ikabaki inatazama mawingu.

Saa ya kamera ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri. Kamera inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili usiku ni 20:00. Ukikosea kwa saa 6, kanu, mnyama wa usiku, atageuka mnyama wa mchana kwenye jedwali lako. Tarehe nayo ina mtego wake: 05/06 ni Mei au Juni? Kwenye daftari andika mwezi kwa herufi. Siku ya kutega na siku ya kutoa, shika kibao mbele ya kamera chenye namba ya kituo, tarehe na saa, kisha kamera ikipige picha.

Eneo la kutega chagua kwa nyayo, mavi na mapito, wala si kwa uzuri wa mandhari. Kamera ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mita 2 hadi 3 kutoka kwenye pito. Ukiipandisha juu, wanyama wadogo kama sange (mwenye pua ndefu) na ndimba (paa mdogo) watapita chini ya macho yake. Ukiisogeza karibu mno, utapata ubavu wa minde bila kichwa. Kwenye miteremko yetu, kimo kipime kutoka pale mnyama anapokanyaga, maana shina la mti linaweza kuwa juu au chini ya pito kwa nusu mita. Kisha tambaa mbele ya kamera uone kama inakushika.

Usifunge kamera kwenye mwanzi. Upepo unautikisa na kadi inajaa picha za majani. Kihisi cha kamera hakioni umbo. Kinashtuka kitu chenye joto tofauti na mazingira kinaposogea, na jani lililopigwa na jua kisha likayumba linatosha kukidanganya. Kata matawi yanayoziba tu, usifyeke uwanja. Miezi ya Juni hadi Septemba jua letu liko upande wa kaskazini, basi elekeza lenzi kusini.

Baridi ya Julai huku juu si ya mchezo. Betri za kawaida za alkalini hupoteza nguvu haraka usiku wa baridi. Za lithiamu zinastahimili. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya kamera zinazisoma kama zimekwisha ilhali bado zina chaji. Usichanganye mpya na za zamani. Futa mpira wa mlango kabla ya kufunga, kwa sababu chembe moja ya udongo inatosha kuingiza ukungu ndani, na uweke punje za kunyonya unyevu ulizozikausha kabla ya safari. Sisimizi wanapenda joto la kamera, hivyo ziba kila tundu. Dawa ya wadudu usipulize, harufu yake hukaa.

Kuhusu idadi, mfano mzuri ni msitu wa Mwanihana, Udzungwa, ambako tangu 2009 vituo 60 vimetumika kwa kipimo cha kamera moja kila kilomita 2 za mraba, siku 30 kila kimoja, wakati wa kiangazi. Ukiwa na kamera 20, zihamishe kwa awamu. Angalia pia mpangilio wa GPS: ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, na ukichanganya na WGS84, mfumo wa kawaida wa GPS, kituo kinahama karibu mita 300.

Usiku, mwanga wa infraredi hutoa picha zisizo na rangi, na hapo minde mweusi na funo mwekundu, paa mwingine wa msituni, wanakaribiana. Piga picha ya fimbo yenye alama kila sentimita 10 ikiwa imesimama kwenye pito, upate kipimo cha mwili. Kama unaweza, tumia flashi nyeupe. Sange wa Udzungwa alinaswa na kamera Ndundulu mwaka 2005, akatambulishwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008, na uso wake wa kijivu na mapaja meusi ni miongoni mwa vilivyomtofautisha.

Waarifu serikali ya kijiji na walinzi wa msitu kabla ya kutega. Picha za watu waliokwenda kukata kuni zisizunguke kwenye simu. Mahali alipo minde pasitajwe hadharani. Anaishi Tanzania pekee, na tanzi za waya zinamfuata.

Ukirudi, hesabu siku kwa ukweli. Vituo 20 kwa siku 30 ni siku 600, lakini kama 3 vilizimika baada ya siku ya 12, toa 54, zinabaki 546. Mnyama yuleyule akipigwa picha nyingi ndani ya saa moja, ni tukio moja. Kwenye jedwali, siku ambayo kamera ilifanya kazi na minde hakupita andika 0. Siku ambayo kamera ilikuwa imezimika weka kistari, na visanduku hivyo viwili usivichanganye kamwe.